Lesikar na Dashibodi Inayoongea

Siku hizi Lesikar akipita Kimandolu, hapa Arusha, anapita upande wa pili wa barabara, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, anatembea kama mtu aliyeiba kuku wa mchungaji. Zamani haikuwa hivyo. Zamani chalii huyu akiingia pale wanapooshea magari, hata mashine ya maji ilizimwa ili asikike vizuri.

Kazi yake ni deiwaka. Yaani gari hana, ila anaendesha magari ya wenye magari. Bosi amechoka, anaitwa Lesikar. Kuna msiba Karatu, anaitwa Lesikar. Alitoka kwao Ngaramtoni akiwa darasa la tano, akasema ubao haujawahi kumpeleka mtu popote, wakati usukani unakufikisha Singida. Na Singida alifika kweli. Kigoma pia alifika, na Kimandolu nzima inajua, maana ameshawaambia.

Ila sifa yake kubwa haikuwa kuendesha. Ilikuwa dashibodi. Wengine wanapenda mpira, wengine pombe ya mbege, yeye alipenda dashibodi.

"Uso wa gari hauko mbele kwenye taa," alikuwa akiwaambia. "Taa ni mapambo ya wapita njia. Uso uko ndani, pale anapoangalia dereva."

Ukimpa nafasi anakuanzia na Land Rover ya misheni aliyojifunzia, ile ya zamani, geji zimekusanyika katikati kama wazee kwenye kikao, dereva anageuza shingo kuwauliza mwendo. Kutoka hapo anaruka kwenye Peugeot 504, mishale imelala vizuri nyuma ya usukani, na saa ndogo pembeni ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona ikitembea. Halafu Mark II, ile inayowaka ndani, unajiona unarusha ndege.

"Mshale una adabu," alisema. "Injini ikianza kuchemka, unanyanyuka polepole, unakupa nafasi ya kutubu. Hizi skrini zenu ni televisheni. Mnaendesha huku mnaangalia televisheni, halafu mnashangaa mko mtaroni."

Watu wanacheka, yeye anazidi kutanua kifua. Ambacho hakumwambia mtu ni kwamba skrini zilimtisha. Mshale haukudai usome. Skrini imejaa maandishi, na Lesikar na maandishi hawakuagana vizuri tangu lile darasa la tano.

Sasa magari yetu haya unayajua, yanatoka Japani yameshatumika. Ukiwasha tu, kuna mama ndani anaongea Kijapani. Siku moja Ephraimu, mwenye ile mashine ya maji, akauliza kwa kutania, "Hivi huyu mama kila siku anasemaje?"

Lesikar hata hakupepesa jicho. "Anasema karibu bosi, umenenepa, mambo yako si mabaya."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Kesho yake mwingine akauliza, huyu hakuwa anatania. Hapo ndipo Lesikar angesema ulikuwa mzaha, na maisha yangeendelea. Badala yake akategesha sikio, akakunja uso kama daktari, akasema, "Anaomba kadi. Kwao barabara zinalipiwa kwa kadi." Hiyo ilikuwa kweli, aliisikia kwa fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited. Na kwa kuwa yule mama karibu kila siku anaomba kadi hiyohiyo, Lesikar akawa anapatia. Akaongeza chumvi, kwamba aliwaendesha Wajapani wa mradi wa maji mpaka lugha ikamwingia. Wajapani hao aliwabeba siku moja, na njia nzima walikuwa wamelala.

Utani ukaota mizizi hivyohivyo. Watu wakimaliza kutoa gari bandarini, wanamletea awasomee.

Ndipo akaja Mama Violet.

Jina lake Pudensiana, mzaliwa wa Kibosho, ana duka la vyombo vya jikoni Lemara, mzigo wote kutoka China. Wachaga mnawajua: Desemba ikifika Arusha inabaki na mbwa na walinzi, wote wamekwenda kwao kwa Krismasi. Na Mama Violet kila Krismasi alikwenda kwao kwenye pikapu ya kaka yake Stanley. Nyuma. Juu ya magunia. Hata duka lake lilipokuwa kubwa kuliko la Stanley, bado juu ya magunia, kwa sababu mbele alikaa wifi yake, mke wa Stanley.

Mwaka huu akanunua gari lake. Dogo, rangi ya maziwa, linakunywa petroli na linatumia umeme pia, dashibodi yote skrini, mshale hakuna hata wa dawa. Stanley alilizunguka mara moja akasema, "Dada, hiki kisimu kitafika Kibosho?"

Alichotaka Mama Violet kilikuwa kimoja: mkesha wa Krismasi aingie uani kwa mama yao amekaa ndani ya gari lake, Stanley akiwa bado njiani.

Leseni alikuwa hajapata. Akamfuata Lesikar.

"Nasikia unaelewa mpaka Kijapani."

"Mama Violet, mimi na hii gari tutapiga stori mpaka Kibosho. Wewe lala tu."

Asubuhi ya mkesha wakapakia. Mchele, sukari, madumu ya mafuta, blanketi la mama yao, masufuria mapya, kiti cha nyuma chote kikajaa mpaka kwenye paa. Ubavuni mwa kile kiti kulikuwa na kijidirisha cha plastiki chenye matundu. Lesikar alikiona. Akakisukumia gunia la mchele.

"Hicho nini?" Mama Violet akauliza.

"Spika."

Wakaondoka. Mama Violet amekaa mbele, kitenge kipya, mkoba mapajani, anasalimia mpaka watu asiowajua. Walipoipita Tengeru, yule mama wa Kijapani akaongea. Kwenye skrini kukatokea pembetatu ya njano na mstari wa maandishi.

"Anasemaje?"

Huu haukuwa wimbo wa kadi. Wimbo wa kadi Lesikar anao kichwani, anaweza kuuimba hata kwenye kwaya. Huu ulikuwa mwingine, mrefu, na sauti haikuwa ya mtu anayekaribisha wageni. Alihitaji maneno mawili tu: sijui, Mama Violet.

"Anatutakia Krismasi njema," akasema.

"Ehe. Kumbe na wao wanajua Krismasi."

"Kompyuta, mama. Inaangalia tarehe."

Mama Violet akainamia skrini kwa heshima. "Asante mwanangu, na wewe pia."

Lesikar akakaza macho barabarani. Kile "asante mwanangu" kilimchoma, lakini ulimi ukishatoka na uongo, kuurudisha ni kazi ya mtu mwingine, si yeye.

Usa River, yule mama akarudia. Pembetatu sasa inawaka na kuzima.

"Mbona anarudia?"

"Wajapani wana heshima kupita kiasi. Wakianza kusalimia wanakusalimia mpaka unachoka."

"Na mbona gari kama linachoka na lenyewe?"

"Mzigo, mama. Na hewa ya mlima."

Kufika Kikatiti, skrini ikawa nyekundu. Nguvu zikaisha kama mtu aliyekatiwa pumzi, gari likajikokota mpaka pembeni, karibu na kijiwe cha bodaboda, likasimama. Lesikar akashuka haraka, akafungua boneti, akainama. Maji yapo. Oili ipo. Akagusa hiki, akatikisa kile, akapuliza kisichohitaji kupulizwa. Alikuwa anatafuta mshale wa kumwambia tatizo liko wapi, na mshale haukuwepo.

Ndani, Mama Violet alikuwa ametoa simu. Kwake hilo lilikuwa jambo la kila siku: boksi lolote la China likiingia dukani analipiga kamera, herufi zinageuka Kiswahili. Njia nzima hakufanya hivyo, kwa sababu alikuwa na mtu. Sasa akaielekeza simu kwenye skrini, akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma somo kanisani.

"Matundu ya kupoza betri yamezibwa. Ondoa mzigo. Simama mahali salama."

Akashuka. Akafungua mlango wa nyuma, akaliangalia gunia la mchele na kile kijidirisha. Akaja mpaka kwenye boneti.

"Lesikar. Hii ndiyo ile Krismasi njema?"

"Kuna Kijapani cha mjini, mama, halafu kuna cha vijijini," akaanza. Akaisikia sauti yake mwenyewe. Joto likamtoka kifuani likapanda shingoni mpaka kwenye masikio, akabaki ameishika ile boneti kama mtu anayezuia paa lisimwangukie.

Na honi ikalia nyuma yao. Stanley.

Alishuka kwenye pikapu ameshaanza kucheka kabla mguu haujagusa chini. "Nilisema mimi. Kisimu. Chaji imeisha?" Akazunguka gari, akapiga tairi teke. "Haya dada, nafasi yako ya siku zote ipo, juu ya gunia. Usione aibu."

Vijana wa bodaboda wakasogea. Mama Violet akaangalia chini, akakunja pembe ya kitenge chake mkononi, akakunja na kukunjua. Hakumnyooshea mtu kidole. Alisema tu, "Linapumzika."

Afadhali angemtukana. Lesikar alikuwa tayari kwa matusi, matusi anayajua, anayajibu. Hakuwa tayari kufichiwa aibu na mtu ambaye yeye ndiye aliyemharibia safari.

"Eti dereva," Stanley akamgeukia, "wewe ndiye mtaalamu. Hili gari si bovu hili?"

Mlango huo ulikuwa wazi kabisa. Neno moja, ndiyo, na jina lake linabaki safi mpaka Kimandolu, gari ndilo linabeba lawama, na Mama Violet anarudi juu ya magunia.

"Gari zima," Lesikar akasema. "Mbovu ni mimi."

"Unasemaje?"

"Ilituonya toka Tengeru. Ikaongea, ikaandika. Mimi nikamwambia mama inatutakia Krismasi njema." "Sijui Kijapani. Hata neno moja sijui, sijawahi kujua. Matundu ya betri nimeyaziba na gunia nikasema ni spika."

Kicheko kikapasuka. Stanley alishika mlango wa pikapu asianguke. Kijana mmoja wa bodaboda akaonyesha ng'ambo ya barabara.

"Yero, kaka, na yule mbuzi pale anasemaje?"

Mwingine alikuwa ameshatoa simu anarekodi, akamwomba arudie pale pa spika, eti sauti haikuingia vizuri. Lesikar hakurudia. Alifungua mlango wa nyuma akaanza kushusha mzigo, gunia kwa gunia, dumu kwa dumu, akivipanga kwenye pikapu ya Stanley huku kila mtu anamtazama mgongo.

Matundu yakapata hewa. Wakasubiri gari lipoe, Mama Violet amesimama peke yake anayapepea kwa kanga. Alipowasha mwenyewe, ile nyekundu ilikuwa imeondoka. Akahamia kiti chake cha abiria.

"Panda," alisema.

Stanley akatangulia na mzigo, anapiga honi kila penye watu. Nyuma yake Lesikar alifuata. Wakipita njia ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA akajaribu.

"Mama Violet, ukitaka nitashuka Boma. Pale madereva hawakosi."

"Angalia barabara."

Boma ya Ng'ombe Mama Violet alinunua soda mbili, akampa moja imeshafunguliwa. Lesikar akaishika katikati ya mapaja mpaka ikawa ya moto.

Baada ya Moshi wakaanza kupanda Kibosho, migomba pande zote, Stanley bado yuko mbele, amepunguza mwendo ili watu wamwone na magunia yake. Mama Violet alimtazama kaka yake mgongoni kwa muda.

"Mpite," akasema.

"Nimpite, mama?"

"Wewe si dereva? Hilo ndilo unalolijua kweli. Mpite."

Akampita. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alilipita gari bila kujisikia chochote.

Waliingia uani wa kwanza. Bibi Fransiska, mama yao, akatoka na fimbo yake, vigelegele vikapigwa, Mama Violet akashuka amenyooka, wakamkumbatia, wakalizunguka gari wakilipapasa. Mtu akauliza dereva yuko wapi aje asalimie. Lesikar alikuwa bado nyuma ya usukani, anafuta vumbi kwenye skrini kwa mkono wa shati. Pikapu ikaingia nyuma yao, na kabla injini haijazimwa Stanley alishapaza sauti, "Mama, njoo kwanza nikusimulie habari za huyu dereva wa dada."

Lesikar akasikia kicheko cha kwanza, kisha cha pili. Akainama zaidi, akaendelea kukifuta kile kioo, ambacho kilikuwa kimeshatakata zamani.