Kupima Upepo Njia ya Mitwaba

Mpaka leo sijui kama nimwite baba yangu fundi au mwoga. Alikuwa msomaji wa vipimo katika kiwanda kimoja hapa Likasi, mtu aliyeamini mshale wa presha kuliko macho yake. Kiwanda kilipoacha kulipa watu, alibaki na kipimo cha upepo wa magurudumu mfukoni. Mama alirudi kwao Mitwaba, kaskazini, akaacha maneno mafupi: Baba asipomfuata kabla ya mvua kuifunga barabara, asimfuate tena.

Basi mwisho wa kiangazi tuliazima pikapu ya mjomba, muuza mahindi wa mtaa wa Kikula. Mimi nilishika usukani. Nyuma tulibeba pampu ya mguu, mfuko mmoja wa chumvi na kitenge kimoja cha wakwe.

Kwenye mchanga Baba alinisimamisha, akapunguza upepo. Sawa, mchanga unataka gurudumu laini. Kwenye mawe akajaza. Sawa pia. Lakini tulipofika kwenye udongo mgumu, usio na mchanga wala jiwe, akasema tena, akichungulia gurudumu dirishani:

"Simama. Pneu iko moto sana."

"Papa, pneu ya moto hatutoe mupepo. Weye mwenyewe njo ulinifundishaka."

"Mwenda pole hajikwai," akajibu, na upepo ukatoka fyuuu.

Vijiji viwili mbele gari likaanza kuyumba. Akashuka kupampu mwenyewe, anahema, hataki nimsaidie. Tukaenda kidogo, akautoa upepo tena! Nilichanganyikiwa kabisa. Nilishuku kipimo, nikashuku jua, nikashuku uzee. Alipokwenda kujisaidia nilibonyeza magurudumu kwa kidole gumba, nikayakuta hayana tatizo lolote. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya milima. Siku nzima tulikuwa tumekula njia ya nusu siku.

Aliponisimamisha mara ya sita hasira zilinipanda. Nikazima gari, nikatoa ufunguo.

"Papa, mvua iko nakuya. Unataka tufike ao hutaki?"

Alikaa kwenye ukingo wa barabara, kipimo mkononi.

"Zamani nilifikaka kule na mifuko ya bunga ya kiwanda. Bakwe bananiimbia. Leo niko na chumvi tu. Nitafika, nitasema nini?"

Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira. Baadaye aliinuka, akajaza magurudumu yote manne bila kupima.

Tulifika na matone ya kwanza. Wakwe walisema yao mpaka chumvi na kitenge vikasahaulika pale mlangoni, na Baba alisikiliza tu, kichwa chini. Asubuhi Mama alitoka, akaizunguka pikapu, akalibonyeza gurudumu la mbele kwa kidole cha mguu.

"Hizi pneu zitatufikisha Likasi?"

"Zitafika," Baba alisema. "Nilizipampu miye mwenyewe."

Mama akaingia ndani. Nilidhani amekataa. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari nilipomwona anatoka na sanduku lake kichwani.

Njia nzima ya kurudi mvua ilinyesha, na Baba hakunisimamisha hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikisikiliza magurudumu.