Nyuki Walionipeleka Ubatizoni

Wasomaji, kosa lilikuwa langu. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea mwisho, hapa Nchelenge. Nilipotaka kurina asali, mke wangu alinionya: "Maua imekwisha, nyuki iko mukali. Ngoja mangaribi, beba moshi mingi."

Nikaenda mchana na kijinga kimoja cha moto, nikakomba mzinga wote. Nyuki waliponishukia, nilikimbia hadi Ziwa Mweru, nikajitosa katikati ya watu waliokuwa wakibatizwa, nikidhani nimewaacha nyuma.

Mke wangu, aliyekuwa pale ufukweni na wenzake wa kanisa na aliyeniombea niokoke miaka mingi, alilia kwa furaha. Pasta akanikumbatia.

"Muzee, nani amekuleta?"

Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Nikajibu, "Roho njo imenileta."

Mke wangu akatazama nyuma yangu, akajifunika kitenge.

"Pasta, zama! Ile Roho yake inakuya na jamaa yote!"