Robo Saa Nyuma ya Mlango

Miaka ya tisini nilifanya kazi katika nyumba ya wageni ya shamba moja la majani chai, upande wa Kericho. Uani kulikuwa na chumba cha mbao, na ndani yake pipa kubwa la mti wa mtarakwa la kutosha watu wanne, maji yake yakipashwa na jiko la kuni lililokuwa nje. Wageni waliketi humo hadi shingoni. Kazi yangu ilikuwa kulinda joto: kipimajoto kisivuke arobaini, mtu asizidishe robo saa, asiingie amelewa, mwenye presha amwulize daktari kwanza, na anayetoka ainuke polepole. Niliyasema hayo kila siku mpaka yakawa yananitoka kama salamu.

Baba yangu alikuwa amezeekea kwenye viazi na baridi ya Londiani. Magoti yalimtesa. Msimamizi aliniruhusu nimlete siku isiyo na wageni, nami nikajiona binti wa maana sana.

Alikuja Jumatatu na koti lake zito na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Nilipomsomea sheria, alinitazama kama anayeona ndama akifundisha kukamua.

"Nimeota moto kabla wewe hujazaliwa, lakwet. Sasa wewe mtoto ndio utaniambia maji iko na moto?"

"Ni robo saa tu, baba."

"Sawa. Funga mlango."

Nikafunga. Kwetu binti haingii mahali baba yake anaoga. Sikumbuki kuambiwa, nilikua nikijua. Nilikaa nje kwenye kigogo, saa mkononi, mvua ya alasiri ikipiga bati. Kwamba alikuwa na presha, hakuniambia. Habari za hospitali mzee hawapi watoto wake.

Robo saa ilipokwisha nikamwita.

"Bado. Hii magoti ndio imeanza kunyamaza."

Baada ya dakika tano nikamwita tena. "Bado," alisema, kwa sauti nzito ya mtu anayesinzia. Mara ya tatu hakujibu.

Mwanamume pekee aliyekuwa kazini siku hiyo ni mtunza bustani, naye alikuwa ameenda dukani. Nilipiga kelele kuelekea majani chai, mvua ikazimeza. Nikarudi mlangoni. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo na haukusogea. Sijui nilisimama pale muda gani, mimi mwenye saa. Niliogopa kumwona kuliko nilivyoogopa kumpoteza. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikafungua. Maji yalikuwa yamemfika mdomoni. Sikumbuki nilivyomvusha ukingo wa pipa. Nakumbuka nikimlaza sakafuni, nikimfunika taulo, nikifungua dirisha, nikimweka kitambaa cha maji baridi shingoni. Alipofumbua macho alinitazama mara moja, akageukia ukuta.

Alipona, akarudi Londiani. Miaka minne hakunitazama usoni. Nikifika nyumbani, yeye anakumbuka ng'ombe na kutoka. Mama alidhani tumegombana. Sikulia hata siku moja. Nilikuwa nimekufa ganzi, nikaizoea ganzi yenyewe, nikaendelea kuwasomea wageni sheria.

Halafu kiharusi kikampiga upande mmoja. Mama hakuwa na nguvu za kumwinua, na ndugu zangu wa kiume, wote wawili, walikuwa mbali kikazi. Jirani, mzee wa rika lake, alijitolea kuja kumwogesha. Baba alikataa kwa kichwa, akahangaika kutafuta maneno kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Iteni yule msichana," alimwambia mama. "Yeye alishaniona."

Nikaenda. Nilichanganya maji kwenye karai, nikachovya kiwiko, nikaongeza ya baridi kidogo. Nikamwuliza kama yamezidi moto.

Alinitazama usoni.

"Si ni wewe unajua," alisema.