Goli Nililofunga kwa Jina la Rajabu

Jamani, hili nimelificha muda mrefu, na hata sasa nikiliandika masikio yananiwaka moto, lakini acha niliseme lote, na pale nilipokosa mimi nisimsingizie mtu.

Mimi ni mshambuliaji. Nimezunguka timu saba (hakuna iliyolia nilipoondoka), na nikiwa na miaka thelathini na mbili timu moja ya ligi pale Korogwe ikanisajili. Kocha akanionya: "Shabani, nikisikia umecheza ndondo, hizo mechi za mtaani, nakufuta siku hiyohiyo." Nikaitikia. Wiki mbili baadaye katibu wa timu moja ya Mazingara, kule Handeni, akanipigia simu: wana fainali ya kugombea mbuzi, hawana mfungaji, nitumie leseni ya kijana wao Rajabu aliyekwenda Mazinde kukata mkonge. Hakunidanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyejiambia mechi moja tu, nani atanijua Mazingara?

Hofu ilinianza kwenye ukaguzi. Refa aliitazama picha ya leseni (imefifia, kila mwenye masikio mawili angefaa), akanitazama, akaita, "Rajabu!" nami nikakaa kimya mpaka mwenzangu akanikanyaga. Mpira ulipoanza nikawa naukimbia, maana mfungaji ndiye anayetazamwa, na kila aliyenyanyua simu pembeni ya uwanja nilimwona kama anamtumia kocha picha yangu. Beki wao, kijana mrefu wa Kimasai, akacheka: "Mzee, mpira hauumi, uguse tu!"

Kipindi cha pili ikapigwa kona, nikageuka niukwepe mpira, ukanigonga begani ukaingia wavuni.

Mtangazaji akapasua spika: "Goooli! Rajabu! Mtoto wa mama Zaina!"

Sasa huyo mama Zaina ndiyo kwanza anafika kutoka shambani, na mwanawe hajamsikia mwezi mzima. Aliposikia jina akadhani karudi. Akaingia uwanjani mbio, kanga mkononi aje anitunze, wanawake nyuma yake wanapiga vigelegele. Alipofika karibu akasimama.

"Wewe si Rajabu."

"Shikamoo, mama."

"Jina lake unalo wewe, mwenyewe yuko wapi? Mmemzika wapi mwanangu?" Akakaa chini palepale, mikono kichwani.

Vigelegele vikakatika. Nikamtazama katibu, naye anatazama nyasi (simlaumu, aliogopa kama mimi). Nakiri nilitaka kukimbia, miguu ilishageukia barabarani. Lakini hofu ya yule mama ilikuwa kubwa kuliko yangu. Nikapiga magoti.

"Mama, Rajabu hajafa, yuko Mazinde. Mimi ni Shabani wa Korogwe, nimecheza kwa leseni yake."

"Mamluki!" Uwanja ukalipuka. Katibu akapiga simu, akaweka sauti kubwa, Rajabu mwenyewe akaitika, "Haloo, tumeshinda?" na mama akaanza kumtukana kwa Kizigua huku analia.

Refa akafuta goli, akaniuliza jina kamili, nikamtajia. Mbuzi akaenda kwa wapinzani, kihalali kabisa. Jumatatu kocha hata hakunigombeza. Alinyoosha mkono, nikampa jezi, na tangu hapo hakuna timu iliyonipigia.

Najiuliza, ningekimbia siku ile, ningekuwa bado nacheza? Labda. Ila leseni ya mwenzangu siishiki tena maishani. Nilidhani nimeazima karatasi, kumbe nilikuwa nimevaa jina la mtoto wa mtu.