Ziara ya Tatu kwa Mjomba Milimita

Mjomba wangu ni fundi seremala, na mtaa mzima unamwita Milimita. Ukimwambia mlango umepungua kidogo, atakuuliza kidogo ngapi, na usipojua atakutazama kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Mimi ndiye ninayemsomea barua zake. Kusoma anajua sana, ila barua za benki zimemtia kiwewe. Bahasha yenye nembo yao ikifika anaiweka dirishani, anaizunguka siku mbili, kisha ananipigia simu.

Mkopo ulikuwa wa mashine ya kuranda mbao. Mwaka wa kwanza alilipa bila kukosa. Mwaka wa pili karakana ikateketea, mashine ikabaki chuma kitupu, na benki ikauza hata hicho chuma. Deni lililobaki akawa analipunguza kwa kuuza vitu vya ndani: kochi, kabati, meza, mwishowe kitanda. Vitu vilipokwisha, malipo nayo yakakoma.

Barua ya mwisho niliisoma mara tatu. Kwa lugha ya binadamu ilisema hivi: benki hairuhusiwi kuondoa mkopo kwenye hesabu zake kwa sababu tu imechoka kuudai. Lazima ofisa amtembelee mdaiwa mara tatu, akague nyumba, apige picha, na jirani aweke saini kwamba kweli hakuna cha kukamata. Ziara mbili zilikwisha pita. Ya tatu ikikuta nyumba tupu, faili linapelekwa makao makuu na dalali wa mnada haji. Ikikuta mali, dalali atakuja ndani ya siku kumi na nne.

"Mjomba," nikamwambia kwenye simu, "Alhamisi saa nne asubuhi ofisa anakuja. Acha kila kitu kama kilivyo."

"Yule dada wa benki?"

"Huyo huyo."

"Haya, mama. Usiwe na wasiwasi."

Nilikuwa nao, tena tele.

Alhamisi nikafika saa tatu na nusu, nikasukuma mlango. Sebule ilikuwa imejaa! Kabati la milango miwili, viti vinne vyenye mito, meza ya kioo, saa ya ukutani. Mjomba alikuwa katikati, shati limepigwa pasi, akisawazisha kiti kwa kidole.

"Umefanya nini?"

"Safari iliyopita yule binti alikaa juu ya ndoo," akasema. "Mgeni wangu hatakaa juu ya ndoo mara ya pili. Nimeazima kwa majirani."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaungua. Lakini vyote vile, ukiacha saa, alivitengeneza yeye mwenyewe enzi za karakana, na sasa alikuwa amevirudisha kwa nusu siku. Nikashika kiti kimoja ili nikitoe nje. Hodi ikapigwa.

Ofisa aliingia na faili lake, viatu vimejaa vumbi. Akasimama, akaangalia huku na huku. Hakuketi.

"Mzee, mwezi uliopita humu hamkuwa na kitu."

"Karibu, mwanangu, kaa."

"Kabati hili ni lako?"

"Nimelitengeneza kwa mikono yangu."

Akaandika.

"Na viti?"

"Hivyo pia. Mbao zake nilizichagua mwenyewe."

Akaandika tena. Nikadakia, "Dada, hivi vimeazimwa!" Akanijibu kwa upole kwamba anayeulizwa ni mwenye nyumba. Nikamkodolea mjomba macho. Akatazama ukuta. Mtu aliyepima milimita maisha yake yote, siku hiyo alishindwa kutamka maneno mawili: si changu.

Ikabidi aitwe jirani wa kuweka saini. Akaja Mama Pacha wa mlango wa pili, kajiandaa kumtetea mtu wake. Kabla hajaulizwa vizuri akaanza: "Vyote ni vyake! Huyu si ombaomba, andika hivyo! Mtaa huu wote umekalia viti vyake!"

Nilitamani nimzibe mdomo.

"Ahsante, mama," ofisa akasema. "Basi weka saini hapa. Dalali atakuja kuvichukua kabla ya tarehe ishirini."

Mama Pacha akabaki na kalamu hewani. "Kuchukua nini?"

"Vilivyoandikwa. Kabati, viti, meza, saa."

"Kabati lipi? Sare za wanangu zimo humo!"

Akafungua droo, na kweli, sare mbili za shule zikatokeza, soksi juu yake. Ofisa akashusha faili. Sote tukamgeukia mjomba.

Alikohoa. Kisha akasema, polepole, akionyesha kimoja kimoja. "Kabati ni la Mama Pacha. Viti ni vya kinyozi. Meza ya muuza dawa. Saa sijui, aliileta mtoto wa kinyozi." Akashusha mkono. "Changu humu hakuna."

Niliona aibu hadi machozi yakanitoka, na papo hapo nikaona nafuu, na nafuu yenyewe ikaniongezea aibu.

Ofisa akachana ile fomu. Akasema vitu vitolewe, maana picha lazima ionyeshe chumba kilivyo. Tukavibeba nje mchana kweupe, mtaa ukitazama. Kinyozi akaja kupokea viti vyake bila kutuangalia usoni. Mjomba akapigwa picha amesimama peke yake katikati ya sakafu.

"Kwa hiyo nimesamehewa?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Benki inauondoa mkopo kwenye hesabu zake, isije ikajidanganya kwamba ina pesa ambazo haina. Deni bado ni lako. Jina lako litabaki kwenye orodha ya wasiolipa, usihangaike kukopa kwingine."

"Na dalali?"

"Haji. Labda siku moja tusikie kwamba umepata mali."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, akaweka saini, akamsindikiza hadi barabarani.

Sasa anafanya kazi kwenye kibaraza cha kinyozi, kwa zana za mkono. Jumapili nilimkuta amemaliza kiti, kizuri ajabu, kinang'aa kwa vanishi. Nikakibeba, nikakiweka sebuleni kwake, kwenye chumba kile kitupu, nikamwambia hiki kisiuzwe, hiki akikalie yeye.

Alichungulia nje, akafunga mlango. Akakipindua kiti miguu juu, akanipa penseli.

"Andika jina lako hapo chini," akasema. "Wakija, wakute ni chako."

Nikapiga magoti, nikaandika.