Taulo Mbili za Bi Kopo

Mtaani walimwita Bi Kopo, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka nenda miaka rudi aliuza mafuta ya kula gengeni, akiyachota kwenye debe kwa kikopo kilichobonyea ubavuni. Ukimuuliza debe lina lita ngapi, anakucheka: "Mwanangu, lita ndiyo nini? Kopo ni kopo." Wateja wakazoea, naye akaridhika, lita akawaachia wenye shule zao.

Sasa ona dunia isivyo na adabu. Asubuhi moja mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mume yuko safarini. Kabla hawajatoka mlangoni kwenda kituo cha afya, mtoto huyo hapo! Mzima, sauti kama mpiga mnada. Kondo la nyuma nalo likatoka, Bi Kopo akashusha pumzi. Aliwahi mno kuishusha, maskini, maana damu haikukoma.

Akampigia muuguzi wa kituo, akafungua spika, akaiweka simu sakafuni.

"Damu imetoka kiasi gani, mama?"

"Kama makopo mawili hivi."

"Kopo lako mimi silijui. Niambie kwa lita. Gari ni moja, na linaondoka sasa hivi kumfuata mgonjwa mwingine. Ikiwa imezidi nusu lita, naligeuza lije kwenu."

Kopo lenyewe liko gengeni, na damu haiko kwenye chombo, imenywewa na taulo alilomtandikia mkwe. Utapimaje kitu kilichokwisha kunywewa?

Akatoa kabatini taulo la pili, pacha wa lile. Akachukua chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa nusu lita, akaijaza, akaimimina yote juu ya taulo kavu. Akalinyanyua kwa mkono wa kulia, lile la damu kwa mkono wa kushoto. La kushoto likavuta chini.

"Ee Mola wangu, si kweli," akanong'ona. Siku hiyo alitamani mikono yake iwe imekosea. Akajaza tena, akamimina tena. Ndipo mikono ikalingana.

"Chupa mbili," akasema, na sauti haikuwa yake. "Hizi za nusu."

Kwenye simu, muuguzi akasikika akimwita dereva.

"Hiyo ni lita nzima, mama. Gari linakuja. Mkande tumbo chini ya kitovu, kwa nguvu, usimwonee huruma. Na mtoto mweke kwenye ziwa la mama yake, hilo nalo hukata damu."

Akakanda. Mkwe akalia, "Mama, unaniua!"

"Nyamaza! Utanitukana ukipona!"

Alikanda huku jasho likimtoka na machozi yakimtoka, hajui lipi ni lipi. Midomo ya yule binti ilikuwa imepauka. Mara akaacha hata kulalamika, na hapo Bi Kopo akaogopa kweli kweli, akamzaba kofi la shavuni. "Nitukane! Si ulisema nakuua?"

Gari likafika, likawabeba wote watatu. Kule kituoni machela ikapitishwa ndani, mlango ukafungwa, na Bi Kopo akabaki kwenye benchi na kichanga mikononi. Kila kiatu kilicholia nyuma ya ule mlango kilimkata maini. Aliomba ufunguliwe, kisha akaomba usifunguliwe.

Ukafunguliwa. Muuguzi akasimama mbele yake. Bi Kopo akainuka, kichanga kifuani.

"Tumemwongezea damu, na ile iliyokuwa ikitoka imekata," muuguzi akasema. "Amefumbua macho. Anauliza, mtoto amelala?"

Mtoto alikuwa akipiga kelele ukumbi mzima unamsikia.

"Mwambie amelala," akasema Bi Kopo, kisha naye akaangua kilio, akampita mjukuu wake kwa sauti.