Kaluki na Unga wa Utafiti

Kwenye machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko wanamjua Kaluki kwa mikono yake. Ni mikono iliyovimba na kupauka, mikono ya mtu anayeosha matumbo ya mbuzi tangu alfajiri, na harufu yake haitoki hata ukiisugua kwa ndimu. Mumewe alikuwa mchonga vinyago. Alikufa akamwachia patasi na twiga mmoja ambaye hakuwahi kupata miguu. Binti yao, Muthoki, alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akapata mume badala yake, na mtoto aliyemwacha nyuma, Mativo, akawa wa nyanya. Kaluki hakulalamika. Alisema mtoto ni mtoto, hata akiletwa kama mzigo.

Nyumbani kwake ni mtaa wa Huruma, ghorofa ya nne, katika korido yenye vyumba vidogo mno. Ukiwasha jiko ndani utakohoa mpaka machozi yakutoke. Kwa hiyo wanawake hupikia nje, kila mmoja mbele ya mlango wake, na watoto hula kwenye sufuria iliyo karibu. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Ni aibu tu kuepua chakula ukala huku mtoto wa jirani amekukodolea macho, na mwanamke mmoja aliyewahi kufanya hivyo alisemwa mpaka akahama.

Mlango unaotazamana na wa Kaluki ulikuwa wa Waithera, mchuuzi wa nguo za mitumba katika soko la Jericho, mwenye binti mdogo aitwaye Warigia. Siku Waithera aliporudi mikono mitupu, Kaluki alimlisha Warigia. Siku ambayo mbuzi hawakuchinjwa wa kutosha, Waithera alimlisha Mativo. Mkono mmoja haulei mwana, na katika korido ile mikono ilikuwa minne.

Kisha ukaja mradi. Ulikuwa utafiti wa chuo fulani kuhusu lishe, na mtu wao wa mitaani aliitwa Jackton, kijana mpole mwenye viatu safi kuliko ngazi alizopanda. Aliwakusanya akina mama wenye watoto wadogo, akawaonyesha pakiti za unga wa uji uliochanganywa na karanga na maziwa.

"Hii si msaada, ni utafiti," aliwaeleza. "Wengine watapata unga, wengine tutawapima watoto tu. Ndiyo tujue kama huu unga unafanya kazi."

"Na hao wa kupimwa tu wakule nini?" Waithera aliuliza.

"Wakule tu vile wamekuwa wakikula."

Watu walicheka, Waithera akiwa wa kwanza. Kura zikapigwa kwa kadi ndani ya kofia. Kaluki alichomoa ya kijani, ambayo ni ya unga. Waithera alichomoa nyeupe. Alipata kadi nyeupe kama vile mtu anavyopata mvua akiwa njiani, akaikunja na kuendelea na siku yake.

Kaluki naye aliendelea na yake. Alipika uji wa mradi nje, mahali anapopikia kila kitu, akaugawa vikombe viwili. Hakufikiri kwamba alikuwa anafanya jambo. Nywele za Mativo, zilizokuwa zimeanza kuwa nyekundu kwa utapiamlo, zilirudi kuwa nyeusi, na miguu ya Warigia ikajaa kama mandazi. Ilipofika siku ya kupima, Kaluki na Waithera walisimama pamoja wakibishana ni mtoto wa nani mzito zaidi.

Ungedhani mradi ungeshangilia. La, uliumwa na kichwa. Watoto wa kadi nyeupe hawakutakiwa kunenepa, kwa sababu wakinenepa na wao, unga utajulikanaje kuwa ndio ulionenepesha wale wengine? Wasomi wale walikuwa wameandaa mashine za damu na mizani za bei kali, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kukaa kwenye korido saa ya kupika. Wakaamua kumtuma mtu wa masuala ya jamii aje aulize watu wanaishije.

Huyo alikuwa Kezia, msichana mwenye sauti ya upole, aliyekaa juu ya mtungi wa maji bila kupangusa kwanza, jambo lililompa Kaluki heshima kubwa. Alisema jina la mtu halitaandikwa popote. Kisha akauliza, "Hapa kwenu, mama, jirani akikosa huwa inakuwaje?"

Kaluki ni mtu wa kanisa. Akiulizwa kuhusu mema husimama na kutoa ushuhuda, na ushuhuda mzuri hauna haya. "Jirani akikosa, mimi niko," alisema. "Huyu Warigia ni wangu. Ule uji mnaleta nagawa katikati, kikombe na kikombe. Siwezi kumpatia wangu mtoto wa wenyewe akiniangalia. Mimi nimeokoka."

Kezia alifuta macho. Alimkumbatia Kaluki pamoja na harufu yake yote ya Kiamaiko, akasema hajawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloudhi. Wema wake wote aliupeleka ofisini. Jina la Kaluki hakulitaja kweli, ila alitaja mlango wake. Mdomo huponza kichwa, lakini wa Kaluki ulikiponza kichwa cha mtoto mwingine.

Jackton alipanda ngazi siku chache baadaye bila pakiti.

"Shosh, umetuharibia kazi."

"Nimeharibu nini? Nimeiba?"

"Heri ungeiba, unga ungepotea tu. Sasa mtoto wa kadi nyeupe ananona, na wakubwa wanauliza." Alishusha sauti. "Ni mawili. Ukiendelea kugawa, natoa milango yote miwili kwenye mradi. Ama Mativo akule peke yake, abaki."

Tusimhukumu Kaluki haraka, tumhukumu polepole. Alimtazama Mativo akichezea kifuniko cha sufuria. Alikumbuka zile nywele nyekundu. Akasema abaki.

Jioni alimweleza Waithera pale pale koridoni. "Mama Warigia, hawa watu wamekataa. Wamesema wangu akule peke yake."

"Sawa," Waithera alisema. "Ni chakula chao."

Tangu hapo Kaluki alihamisha jiko ndani. Alikohoa, akafungua kadirisha, akakohoa tena, lakini mlango aliutia komeo. Warigia, ambaye hakuwa amesoma kanuni za mradi, alitambaa mpaka pale kwa harufu, akaupiga mlango kwa kiganja. Siku ya kwanza Mativo aliinuka na kikombe chake ampelekee. Kaluki alimzaba kofi, yeye ambaye hakuwahi kumpiga. Mtoto alielewa. Uchoyo ni somo jepesi, halihitaji mwalimu wa pili.

Mwanzoni alijiambia kwamba ugali bado atagawa, kwa sababu ugali si wa mradi. Aligawa kidogo. Lakini ni vigumu kumpa mtu ugali koridoni huku umemnyima uji chumbani. Macho hayajui pa kukaa. Aibu ilipozidi aliacha na ugali. Ukishamnyima mtu kidogo, kumnyima kingi hakukuumizi sana.

Mvua zikaja, na wanunuzi wa mitumba wakakaa majumbani. Waithera alikuwa akirudi na mzigo wake ule ule, umelowa. Hakubisha kwa Kaluki. Kwa milango mingine alibisha, na akapata alichopata, lakini korido ilikuwa imeshasikia habari ya Kaluki, na kila mwenye kadi ya kijani aliogopa kutolewa. Majiko yaliingia ndani moja baada ya jingine. Ukipita pale ulisikia kikohozi tu, nyumba hadi nyumba.

Jackton aliendelea kupima. Alikuwa na utepe wa kuzungushia mkono wa mtoto, wenye kijani, njano na nyekundu. Warigia alipofika njano, Waithera aliuliza kama sasa atapewa unga. Jackton alisema hapana, njano kanuni zinasema aangaliwe. Wakamwangalia. Waliangalia vizuri sana, kwa mizani na kwa picha, mpaka utepe ukasoma nyekundu.

Hapo Jackton alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Sasa naruhusiwa kumpeleka hospitali," alisema, na alikuwa na haraka ya kweli. Akipiga simu ya gari, aliongeza kuwaambia wa ofisini kwamba mtoto wa mlango wa mkabala ameongeza kilo vizuri, na kwamba tofauti imeanza kuonekana. Kaluki, aliyekuwa amempakata Mativo, alisikia. Kwa kitambo kidogo alifurahi, kama mzazi ambaye mtoto wake ametangazwa wa kwanza darasani. Halafu akaona uso wa Waithera, akamwingiza Mativo ndani.

Hakulala vyema siku zilizofuata. Mwishowe alipika uji wa mradi, mzito, akautia kwenye chupa ya chai, akaacha matumbo ya mbuzi Kiamaiko na kwenda hospitali. Njia nzima alipanga maneno. Angesema ni Jackton. Angesema ni kanuni.

Waithera alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya kitanda, na kitandani alilala mtoto mwingine, na mama mwingine. Warigia alikuwa amefariki asubuhi. Homa ya mapafu ilimkuta amedhoofika, ikamshinda nguvu. Waithera alisubiri karatasi za kumchukulia.

"Huo ni uji?" aliuliza.

"Ni uji."

Waithera aliichukua chupa. Alifungua, akamimina kwenye kikombe, akampa yule mama asiyemjua. "Mpe akunywe ukiwa moto," alimwambia. Alimtazama mtoto akimeza, kisha akamgeukia Kaluki.

"Nilikuwa nasikia kijiko, Mama Muthoki. Kila siku. Na yeye pia alikuwa anasikia."

Kaluki alibaki amesimama pale wodini na mikono yake iliyopauka, akingoja arudishiwe chupa, kwa sababu hakujua angeondokaje bila kuwa na kitu cha kungoja.